Marubani wa Vita na Nyumba Zao

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuanzie kwenye Ziwa Tanganyika, ule upande wa Ikola na Karema ambao hivi leo umo katika Mkoa wa Katavi. Mwaka 1916 anga la ziwa hilo lilipitiwa na chombo ambacho wavuvi wake hawakuwa wamepata kukiona. Ilikuwa ndege ya mbao na turubai, yenye injini ya kunguruma, na badala ya magurudumu ilikuwa na maboya ya kutulia majini.

Ndege hizo zilikuwa nne, za aina ya Short, zilizotengenezwa Uingereza. Waingereza waliwaazima Wabelgiji ili wakapigane na Wajerumani waliokuwa wakitawala upande wetu wa ziwa. Zililetwa zikiwa zimefungwa ndani ya masanduku, kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, kisha kwa garimoshi na vyombo vya mtoni, hadi zikafika Mtoa, ng'ambo ya ziwa, karibu na mji ambao leo unaitwa Kalemie. Shabaha yao ilikuwa bandari ya Kigoma na ile meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi Juni 1916 marubani wa Kibelgiji waliipiga Kigoma kwa mabomu. Mwishoni mwa Julai Wajerumani, walipoona adui anawakaribia kwa nchi kavu, waliizamisha meli yao wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa Karema na Ikola wameipanda, pengine bila kujua kwamba chombo kile kiliwahi kuwindwa kutoka angani.

Hiyo ndiyo historia ya vita kama tulivyozoea kuisikia: ndege ngapi, mabomu mangapi, meli gani ilizama na nani aliizamisha. Leo naomba tuviweke vyuma kando. Nataka tuzungumze habari za watu waliokaa ndani ya vyuma hivyo, na hasa habari za nyumba zao: wazazi, wachumba, wake na watoto. Ninalotaka kusema ni jambo moja tu. Askari wa anga hufundishwa kuinyamazia hofu yake ili aweze kupanda ndege tena kesho. Vita vikiisha, ndege hurudishwa serikalini, lakini kile kimya hurudi naye nyumbani. Hapo ndipo wengine huanza kulipa.

Tuanze na mmoja wa marubani wale wa ziwani. Jina lake Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Kachtem, sehemu za Flanders. Urubani alikuwa ameujua hata kabla ya vita, na ndiye aliyeongoza mashambulizi ya kwanza juu ya Kigoma. Sasa hebu fikiri hali ya mtu kama huyo. Tangu mwaka 1914 jeshi la Wajerumani lilikuwa limeikalia karibu nchi yote ya Ubelgiji, na kijiji chake kikiwamo. Askari wa Kibelgiji aliyekuwa upande wa pili wa mapigano hakuweza kwenda posta akatuma barua kwa mama yake. Barua zilipenyezwa kwa siri kupitia Uholanzi, nchi ambayo haikuwamo vitani, na aliyekamatwa nazo aliadhibiwa. Vijana kwa maelfu walikaa miaka minne bila habari za uhakika za nyumbani. Mchumba aliyeachwa kijijini hakujua kama aendelee kungoja au akubali posa nyingine.

Hali hiyo ilizaa desturi ambayo leo inaweza kutushangaza. Wanawake wa Ufaransa na Uingereza waliombwa kuwa walezi wa askari wasiokuwa na kwao. Kila mwanamke alichukua askari mmoja asiyemjua, akamwandikia barua, akampelekea soksi, tumbaku na maneno ya kumtia moyo. Ulikuwa wema mkubwa. Hata hivyo, barua za upole kati ya kijana aliye karibu na kifo na mwanamke asiyemfahamu hazikukosa kuleta mambo. Wako waliooana. Wako pia askari waliojipatia walezi watatu au wanne kwa mpigo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Vita vilikuwa vimewafundisha watu kupendana kwa karatasi.

Behaeghe hakurudi kwao. Alifariki mwezi Desemba 1916 huko Niemba, Kongo, wala hakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi. Alikuwa hajafikisha miaka 27.

Huyo ni aliyekufa, na marehemu hana ugomvi na mkewe. Tumgeukie sasa aliyerudi, na huyu tumtafute Dar es Salaam.

Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam kijana mmoja mrefu kupita kiasi, Mwingereza wa wazazi Wanorwei, jina lake Roald Dahl. Wengi wetu tunamjua kwa vitabu vya watoto alivyokuja kuviandika baadaye. Wakati ule alikuwa karani tu wa mafuta, mwenye umri wa miaka 22, akijifunza Kiswahili na kuogopa nyoka. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 alipewa kikosi kidogo cha askari wa Keya, akaambiwa awazuie Wajerumani wakazi wa mji wasitoroke. Miezi michache baadaye aliendesha gari hadi Nairobi, akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za miaka hiyo, Going Solo, anasema walioanza mafunzo pamoja Nairobi walikuwa 16, na kwamba 13 kati yao waliuawa vitani. Hao ndio waliokuwa marafiki wa kijana huyu: watu waliokula naye asubuhi, na jioni viti vyao vikawa vitupu.

Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri. Alivunjika fuvu, akakaa majuma mengi haoni, akalazwa Alexandria kwa miezi. Huko hospitali alimpenda muuguzi aliyekuwa akimhudumia. Mapenzi yale hayakufika mbali. Aprili 1941 alikuwa tena angani, safari hii nchini Ugiriki, akiwa miongoni mwa marubani wachache waliotumwa kupambana na mamia ya ndege za Wajerumani. Kichwa kikaanza kumuuma vibaya, hata akapoteza fahamu angani, na katikati ya mwaka 1941 akarudishwa kwao kwamba hafai tena kuruka.

Tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa shuleni, Dahl alimwandikia mama yake barua kila wiki, kutoka Dar es Salaam, kutoka Nairobi, kutoka vitani. Zaidi ya barua 600. Mama alizitunza zote, akazifunga kwa utepe, wala hakumwambia. Mtu akisoma barua zile za vita atakuta mizaha mingi, habari za chakula, habari za hali ya hewa na za wenzake. Hofu ataipata kwa shida sana. Mtoto alikuwa akimkinga mama yake na ukweli, kama wafanyavyo watoto wema. Ila ukilizoea jambo hilo miaka mingi, linageuka tabia.

Mwaka 1953 Dahl alimwoa Patricia Neal, mwigizaji mashuhuri wa Marekani. Walizaa watoto watano. Kisha yakaja mambo matatu, moja baada ya jingine. Mwaka 1960, mjini New York, teksi iligonga gari la kitoto alimokuwa mwana wao Theo, mchanga wa miezi minne, na kichwa chake kikaumia vibaya. Mwaka 1962 binti yao wa kwanza, Olivia, mwenye umri wa miaka saba, aliugua surua, na surua ikapanda kwenye ubongo ikamwua. Mwaka 1965 Patricia mwenyewe, akiwa mjamzito, alipatwa na kiharusi. Hakuweza kusema wala kutembea.

Hebu tazama alivyofanya yule rubani. Kwa Theo alishirikiana na fundi mmoja na daktari mmoja wakabuni kifaa cha kutoa maji kichwani, na kifaa hicho kikaja kuwasaidia watoto wengine wengi. Kwa mkewe alipanga ratiba kama ya kambi ya jeshi. Majirani walikuja kwa zamu, saa nyingi kila siku, kumfundisha maneno upya. Hakuruhusiwa kupumzika, hakuruhusiwa kulia. Na kweli alipona, hata akarudi kwenye filamu. Lakini mama huyo alieleza baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1988, jinsi alivyomchukia mumewe kwa ukali ule, ingawa alijua kwamba ndio uliomwinua.

Na kwa Olivia, ambaye hakukuwa na la kumfanyia tena, baba alinyamaza. Mkewe alitaka wamzungumze mtoto wao. Dahl hakuweza. Katika nyumba ile mama alilia na mtu mwingine, na watoto waliobaki walikua wakijua kwamba jina la dada yao halitajwi mbele ya baba. Dahl alipofariki mwaka 1990, ndani ya mtoto wa meza lilikutwa daftari la shule. Humo alikuwa ameandika, saa kwa saa, jinsi mwanawe alivyokufa. Miaka 28 daftari lile lilikaa mle. Mtu aliyeweza kuwasimulia watoto wa dunia nzima alishindwa kumsimulia mke wake jambo moja.

Hata hivyo, mwaka 1986 alifungua mdomo kidogo. Aliandika barua ya wazi kuwasihi wazazi wa Uingereza wawapeleke watoto wao wakachanjwe surua, akaeleza kifo cha Olivia bila kuficha. Lakini ilikuwa imepita miaka 24, na ndoa yake ilikuwa imekwisha vunjika. Tangu mwaka 1972 alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine, rafiki wa familia. Patricia alipojua, moyo ulimvunjika mara ya pili. Walitalikiana mwaka 1983, na mwaka uleule Dahl akamwoa huyo mwingine.

Najua yuko msikilizaji atakayesema: acha kumtetea. Watu wengi ambao hawakupata kuona ndege ya vita wametoka nje ya ndoa zao, na marubani wengi walirudi wakaishi vizuri na wake zao hadi uzeeni. Ni kweli kabisa. Vita havikumshika Dahl mkono kumpeleka kwa mwanamke mwingine. Hilo alilichagua yeye. Ninachosema ni kwamba yale mafunzo ya kukaza moyo, ambayo yalimfaa sana juu ya Ugiriki, nyumbani yalikuwa kama buti la askari juu ya mkeka. Mtu hawezi kuulaumu mkeka ukichanika.

Mtu wa tatu ninayetaka tumwangalie hakupata kuishi kwetu, lakini kisa chake kilitufikia hadi kwenye mlango wa hospitali yetu kubwa. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba hospitali ya Muhimbili, kabla ya Uhuru, iliitwa Princess Margaret. Jina hilo lilitolewa mwaka 1956, mwaka ambao binti mfalme huyo wa Uingereza, mdogo wake Malkia Elizabeth, alizuru Afrika Mashariki. Watu walijipanga barabarani kumpungia mkono. Alikuwa na miaka 26, amevaa vizuri, anatabasamu. Ulikuwa haujatimia mwaka mmoja tangu atangaze kwamba hataolewa na mtu aliyempenda, na mtu huyo alikuwa rubani wa vita.

Peter Townsend alikuwa miongoni mwa marubani waliosifiwa sana katika ile vita ya angani juu ya Uingereza mwaka 1940. Yeye na wenzake waliiangusha ndege ya kwanza ya mabomu ya Wajerumani kuanguka katika ardhi ya Uingereza vitani humo. Naye aliangushwa mara mbili: mara ya kwanza akatumbukia baharini, mara ya pili akajeruhiwa mguu. Baadaye alipewa kazi ya kuruka usiku, akitafuta adui gizani, hadi mishipa yake ya fahamu ikachoka. Katika kitabu alichokiandika uzeeni aliieleza hofu ile waziwazi.

Akiwa katika uchovu huo, mwezi Julai 1941, alimwoa msichana mmoja, Rosemary Pawle. Walikuwa wamefahamiana kwa muda mfupi. Ndoa za namna hiyo zilikuwa nyingi sana siku zile. Kijana asiyejua kama ataiona Jumapili hangoji mwaka mzima wa uchumba. Walipata watoto wawili wa kiume. Mwaka 1944 Mfalme George wa Sita alimchukua awe msaidizi wake katika jumba la kifalme. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu. Ikawa ya miaka. Mume akawa mtu wa safari za mfalme, wa karamu za mfalme, wa kupanda farasi na binti za mfalme. Mke alikaa na watoto. Mwaka 1952 ndoa ikavunjika mahakamani, na makosa yakaandikwa kuwa ni ya mke, kwamba alikuwa na mwanamume mwingine. Sheria ilikuwa inataka jina la mkosaji, nayo ikalipata. Lakini sheria haikuuliza ni nani aliyeanza kuondoka nyumbani.

Townsend na Margaret walikuwa wamekwisha pendana. Kanisa la Uingereza halikukubali kumfungisha ndoa mtu aliyeacha mke naye angali hai, na sheria ya mwaka 1772 iliwataka watu wa ukoo wa kifalme wapate idhini kabla ya kuoa au kuolewa. Serikali ikampeleka rubani Ubelgiji, kwenye ubalozi, wakati binti mfalme yuko safarini Rhodesia. Walingoja miaka miwili. Tarehe 31 Oktoba 1955 Margaret alitangaza kwamba hawataoana. Mwaka 1959 Townsend alimwoa msichana wa Kibelgiji, wakaishi Ufaransa hadi alipofariki mwaka 1995. Margaret aliolewa mwaka 1960, na ndoa hiyo nayo ikavunjika mwaka 1978.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu magazeti ya dunia nzima yalikisimulia kama hadithi ya mapenzi ya watu wawili, shujaa na binti mfalme. Ukikitazama vizuri kina watu wengine: mke aliyeolewa haraka na mtu aliyekwisha choka, na watoto wawili waliokua wakisoma habari za baba yao kwenye magazeti. Hao hawakupewa jina la hospitali.

Tena hawakuwa peke yao. Mwaka 1939 talaka katika Uingereza na Wales hazikufika 10,000. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, zilifika kiasi cha 60,000. Si wote hao walikuwa wa jeshi la anga, lakini jeshi la anga lilikuwa na mzigo wake wa pekee. Mwanajeshi wa nchi kavu alikwenda mbali na mkewe akakaa huko. Rubani wa ndege za mabomu alilala kitandani Uingereza, akanywa bia kwenye baa ya kijiji, usiku akaenda kupiga mabomu Ujerumani, asubuhi akarudi kula mayai. Kati ya watu 125,000 hivi walioruka katika kikosi cha mabomu cha Uingereza, zaidi ya 55,000 waliuawa. Zamu moja ilikuwa safari 30, na kila mmoja aliweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Na aliyesema "siwezi tena"? Kama daktari hakumwona na ugonjwa, faili lake liliandikwa kwamba amekosa ujasiri, akavuliwa beji yake ya urubani, akaondolewa mbele ya wenzake. Kwa hiyo mtu alijifunza kutosema. Hakumwambia kamanda, hakumwambia rafiki, na akienda likizo hakumwambia mke. Mke aliona mumewe anashtuka usingizini, anakunywa kupita zamani, anakasirikia watoto kwa jambo dogo. Akiuliza, anaambiwa hakuna kitu. Waswahili wamesema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hapa hata kata haikupewa nafasi ya kujua.

Ndugu msikilizaji, usidhani nazungumza habari za Wazungu tu. Katika vita vile vya Hitla, Watanganyika zaidi ya 80,000 walichukuliwa. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Hawakuwa marubani, serikali ya kikoloni haikuwapa ndege. Walitembea kwa miguu. Lakini kimya kile kiliwapata pia, na chao kilikuwa na ugumu wa ziada. Askari wengi hawakujua kusoma, na wake zao vilevile. Barua ya mume kutoka Burma iliandikwa na mwenzake kambini, ikafika kijijini, ikasomwa na mwalimu au padre mbele ya ukoo mzima. Mume atasema nini cha ndani katika barua ya namna hiyo? Atasalimia wazee kwa majina, atauliza habari za ng'ombe, ataagiza fedha alizotuma zigawanywe vipi. Mke atajibu kwa njia hiyohiyo. Hofu yake na hamu yake vilibaki mdomoni.

Tena barua hiyo ilichukua muda. Mpanda ya wakati ule haikuwa na reli. Njia ya reli kutoka Kaliua ilifunguliwa mwaka 1950, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Aliyekuwa upande wa ziwani alitegemea meli, aliyekuwa ndani alitegemea miguu ya watu. Miezi ilipita, pengine mwaka. Baadhi ya wanaume walirudi wakakuta mtoto ambaye hesabu ya miezi haimkubali. Wengine walirudi na mke wa pili waliyempata njiani. Kesi zikaenda kwenye mabaraza ya machifu, wazee wakaamua habari za mahari na faini. Hilo waliliweza. Habari ya moyo wa mtu aliyeona wenzake wakioza msituni Burma, hiyo hakuna baraza lililoiweza.

Kisha tuna vita vyetu wenyewe. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, na vijana wetu walikwenda kumwondoa. Safari hiyo walikuwamo marubani wetu wenyewe, mafundi wetu wa ndege, wapiga mizinga ya kutungulia ndege wetu wenyewe. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tuliwapokea kwa ngoma, tukawajengea minara, na tunastahili kujivunia. Askari aliyekuwa na miaka 25 wakati ule leo amepita 70. Kuna mikoa hapa nchini, na Katavi ni mmojawapo, ambako wazee hawa wanaishi kimya katika mashamba yao ya mahindi na tumbaku, na vijana wa jirani hawajui kama yule babu mwenye baiskeli alipata kuwa vitani.

Watafiti wanapomkumbuka mzee kama huyo humwuliza: ulikuwa kikosi gani? Mlivuka mto wapi? Silaha gani? Naye hujibu vizuri, maana hayo ndiyo aliyofundishwa kujibu. Mkewe ameleta chai, ameketi pembeni au amerudi jikoni. Hakuna anayemwuliza yeye. Nani alimpa habari kwamba mumewe amevuka mpaka? Alikaa wapi miezi ile, kwenye nyumba za kambi au kwa wakwe? Alikula nini? Mume aliporudi, alikuwa mtu yuleyule? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa vita anayewajua ni huyu mama.

Sisemi twende tukafukue mambo ya chumbani ya wazee wetu ili tuyatangaze. La hasha. Heshima ina mahali pake, na mengine ni bora yazikwe na wenyewe. Ninasema kwamba historia ya vita iliyoandikwa kwa vinywa vya wanaume peke yao, tena kwa maswali ya vyuma peke yake, ni nusu ya historia. Waingereza walihitaji miaka mingi, na vitabu vya wake waliotalikiwa, ndipo wakaanza kuelewa kilichotokea katika nyumba zao baada ya mwaka 1945. Wale wake walijua kuandika. Wengi wa mama zetu hawajui, na umri haumngoji mtu.

Kwa hiyo, kama kwenu kuna mzee aliyepigana, nenda ukamsikilize. Mwulize habari za mto na za silaha, maana atafurahi kuzisimulia. Lakini umwombe na bibi aketi. Mwulize kwa adabu vita vilikwisha lini nyumbani kwake. Yawezekana asikutajie mwaka 1979.